Chembechembe Nyeupe Zikipungua, Je, Vitamini Itazirudisha?

Leo nataka tuzungumzie swali ambalo wazazi wengi hutuuliza kliniki: "Sista, mtoto wangu ana ugonjwa wa damu, na nimeambiwa chembechembe nyeupe ziko chini. Ninunue vitamini gani?"

Swali hili ni zuri, na jibu lake linaweza kuokoa pesa zako, hata maisha ya mtoto. Kwa hivyo tega sikio.

Kwanza, tuielewe damu. Chembechembe nyekundu hubeba hewa safi mwilini. Chembechembe nyeupe ni askari, kazi yao ni kupigana na magonjwa. Zote hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembechembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila maikrolita moja ya damu. Miongoni mwake kuna aina iitwayo nyutrofili, askari wa kwanza kupambana na bakteria. Nyutrofili zikiwa chini ya 1,500 tunasema zimepungua. Zikiwa chini ya 500, hiyo ni hatari kubwa.

Hata hivyo, usishtuke ukiona namba iko chini kidogo kwenye karatasi ya maabara. Waafrika wengi huzaliwa na nyutrofili chache kuliko Wazungu, na bado wana afya njema. Ndiyo sababu daktari hulinganisha vipimo vya leo na vya zamani kabla ya kusema kuna shida.

Sasa, ni nini hupunguza chembechembe nyeupe? Sababu ni nyingi, lakini nitataja nne. Ya kwanza ni dawa, kwa mfano dawa za saratani, haidroksiyurea, na wakati mwingine hata Septrin. Ya pili ni ugonjwa wa uboho wenyewe, kama saratani ya damu. Ya tatu ni maambukizi, vikiwemo virusi vya UKIMWI. Ya nne ni upungufu wa vitamini B12, asidi ya foliki au madini ya shaba mwilini.

Msikilizaji, vitamini husaidia ile sababu ya nne peke yake. Wewe ni mkulima, utanielewa. Mahindi yakiwa manjano kwa kukosa mbolea, weka mbolea nayo yatanawiri. Lakini yakiwa yameingiliwa na viwavi, hata ukimwaga magunia kumi ya mbolea, viwavi wataendelea kula. Lazima kwanza ujue shida ni ipi.

Tuchukue ugonjwa wa selimundu, ambao uko kwa wingi huku magharibi mwa Kenya na kule Pwani. Wagonjwa wengi sasa hutumia haidroksiyurea. Ni kweli, dawa hii hupunguza chembechembe nyeupe. Wazazi wengine wakisikia hivyo huiacha, wakanunua chupa ya vitamini. Tafadhali usifanye hivyo. Katika selimundu, chembechembe nyeupe zikiwa nyingi mno huchangia kuziba mishipa na kuleta maumivu, kwa hivyo kupungua kiasi ni sehemu ya faida ya dawa. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 2019, uliofanywa katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo, uliwapa dawa hii watoto 606. Maumivu, malaria, kuongezwa damu na vifo vilipungua.

Nyutrofili zikishuka kupita kiasi, daktari husimamisha dawa kwa muda. Kwa kawaida hupanda zenyewe, kisha dawa huanzishwa tena, pengine kwa kipimo kidogo zaidi. Hakuna vitamini inayofanya kazi hiyo. Ndiyo maana usikose tarehe ya kupimwa damu. Foliki uliyoandikiwa endelea nayo, maana husaidia kutengeneza chembechembe nyekundu.

Vitamini za kujinunulia nazo zina madhara. Zinki nyingi kwa miezi mingi huzuia mwili kupata shaba, na hapo chembechembe nyeupe hushuka. Yaani kile ulichonunua kiziongeze ndicho kinachozipunguza! (Zinki ya siku 10 hadi 14 anayopewa mtoto anayeharisha haina tatizo hilo.) Foliki nyingi kwa mtu aliyekosa B12 huweza kuficha upungufu huo huku mishipa ya fahamu ikiharibika, miguu ikafa ganzi. Na mgonjwa aliyeongezwa damu mara nyingi asinywe dawa ya kuongeza madini ya chuma bila kupimwa, kwa kuwa huenda tayari anayo kupita kiasi.

Chakula je? Foliki iko kwa managu, kunde, sukuma wiki, maharagwe na ndengu. Usichemshe mboga hadi zipondeke na kumwaga maji yake. B12 haipatikani kwa mboga. Inatoka kwa maziwa, mayai, samaki, nyama na maini. Mwenye chembechembe chache ale chakula kilichoiva vizuri, na maziwa yachemshwe, hata yale ya kutengeneza mursik. Nawa mikono kwa sabuni, nawe unayempikia pia.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mtu mwenye nyutrofili chache akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, hiyo ni dharura. Ni hivyo hivyo kwa mtoto mwenye selimundu, kwa sababu wengu wake huharibika mapema na hawezi kupigana vizuri na bakteria. Usimpe Panadol ukalala ukingoja asubuhi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na useme mlangoni: "Huyu ana ugonjwa wa damu, na ana homa." Nunua kipimajoto kabla ya kununua vitamini.

Basi ukiambiwa chembechembe nyeupe ziko chini, muulize daktari maswali matatu: Ni kwa sababu gani? Nirudi lini kupimwa tena? Ni dawa gani niendelee nazo? Beba pia kila chupa unayotumia, hata ya mitishamba, aione. Hapa Eldoret, zahanati yako inaweza kukuandikia barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Mweleze na jirani yako.