Binti wa Arua na Mpira wa Pete

(Mazungumzo ya kamati ya elimu ya kikundi, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Tuliombwa tuzungumzie mafanikio. Bila shaka wengi mlitegemea hesabu za hisa na marejesho. Hizo mweka hazina atazisoma, na jinsi tunavyomjua hatazifupisha. Sisi tumeomba kuwaeleza habari za mchezaji mmoja wa nchi jirani ya Uganda, Peace Proscovia. Mtauliza, netiboli na kuweka akiba wapi na wapi? Vumilieni kidogo.

Katika mwaka wetu wa tatu, mwenzetu mmoja alileta ombi la mkopo. Haukuwa wa gunia la karanga, wala wa cherehani. Binti yake alikuwa amechaguliwa timu ya netiboli ya mkoa kwenda mashindano ya UMISSETA, naye alitaka raba na fedha kidogo za matumizi. Kusema kweli tulicheka. Mmoja wetu alisema kikundi hakikopeshi watu wakaruke-ruke. Katibu akaandika kwenye daftari: haukupitishwa. Binti hakwenda. Mama yake hakusema neno, na Jumamosi iliyofuata alikuja kununua hisa zake kama kawaida.

Sasa tumfuate huyo binti wa Arua.

Arua iko kaskazini magharibi ya Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Kutoka huko hadi Kampala ni mbali kama kutoka hapa Dodoma hadi Dar es Salaam na zaidi. Peace alizaliwa mwaka 1989. Alikua mrefu kupita kiasi, mita 1.93, na akina mama mnajua msichana mrefu anavyosemwa mtaani. Kwenye mpira wa pete urefu huo ndio mtaji. Goli lina urefu wa mita 3.05, sawasawa na la mpira wa kikapu, lakini halina ubao wa nyuma wa kuusaidia mpira. Wachezaji ni saba, na wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, tena wakiwa ndani ya nusu duara. Ukishika mpira huruhusiwi kukaa nao zaidi ya sekunde tatu. Yeye alikuwa mfungaji.

Michezo hiyo miwili ni ndugu wa damu. Mpira wa kikapu ulianzishwa Marekani mwaka 1891. Ulipovuka bahari kwenda Uingereza, vyuo vya wasichana viliubadili: wasidunde mpira, wasikimbie nao, maana walicheza na sketi ndefu zilizofika miguuni. Hivyo mchezo wetu huu ulizaliwa vyuoni, kwa wanawake wanaosoma. Tumelisema hili makusudi, kwa sababu bado tunasikia wazazi wakisema netiboli inaharibu masomo.

Peace alisoma Chuo Kikuu cha Ndejje, wilaya ya Luweero, chuo kinachojulikana Uganda kwa kulea wanamichezo. Alichezea pia klabu ya NIC, ambayo ni ya shirika la bima. Hapo tuna la kujifunza hata sisi Watanzania, maana timu zetu kubwa za netiboli nazo zimekuwa za majeshi na mashirika, kama JKT na Uhamiaji. Msichana akifunga vizuri anaweza kupata kazi.

Mwishoni mwa mwaka 2014, akiwa na miaka 25, alichukuliwa Uingereza na timu ya Loughborough Lightning. Timu hiyo nayo makao yake ni chuo kikuu! Mwaka 2015 aliiongoza Uganda kama kapteni kwenye Kombe la Dunia kule Sydney, wakashika nafasi ya nane. Mwaka 2018 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast wakawa wa sita. Mwaka 2019 Kombe la Dunia likachezwa Liverpool, wakawa wa saba. Mwaka huo huo alikuwa akicheza Australia, timu ya Sunshine Coast Lightning, ambayo ilifika fainali ya ligi ikafungwa na Swifts. Ligi ile ndiyo kali kuliko zote duniani kwa mchezo huu.

Jambo lililotugusa zaidi ni nani alimfuata. Mganda mwenzake, Mary Cholhok, alikwenda Loughborough, na timu ikachukua ubingwa mwaka 2021 na tena 2023. Na mwaka 2023 Uganda ikawa ya tano duniani kule Cape Town. Tanzania haikuwemo katika mashindano yale. Hapa Dodoma wabunge wanawake wana timu yao ya netiboli na wanacheza vizuri, lakini Cape Town hatukuwemo. Tuseme ukweli, hatukukosa wasichana warefu. Ukitaka kuwaona nenda Mvumi au Kongwa siku ya gulio.

Wala tusidanganyane. Si kila binti atafika Uingereza, na magoti ya mfungaji hayadumu. Ndiyo maana tunasifu kwamba Peace alikwenda na shule mkononi.

Baada ya kuzisoma habari hizi tulilifungua daftari la zamani. Mwaka jana mkutano mkuu ulibadili katiba ya kikundi: mkopo wa elimu sasa unahusu pia safari na vifaa vya michezo vya mtoto aliyechaguliwa na shule, wadhamini wawili, marejesho miezi minne. Walipinga wanne, na haki yao.

Mwenzetu yule yupo hapa leo. Ametukataza kumtaja jina. Binti yake sasa ana mtoto na anauza nyanya pale Sabasaba. Kabla ya sherehe hii tulikwenda nyumbani kwake, tukamwomba radhi. Alitukaribisha chai na karanga, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: mjukuu wake ana miaka minne na tayari ni mrefu, je, riba ya mkopo huo mpya ni kiasi gani?