Ujumbe wa Simu, Usome Mwenyewe

Ndugu wanakisomo wa Shinyanga na Geita,

Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, hela ya pamba, ya mpunga, hata ya machimboni, hutumwa kwa simu. Wezi nao wamehamia humo.

Mwenzetu mmoja wa Katoro alikuwa anadaiwa hela ya mabati. Ukaingia ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Akampa kijana wa jirani ausome, akamtajia na namba ya siri amtumie kabisa. Jamani! Mwenye mabati hakuandika ujumbe ule. Hela ikapotea, deni likabaki.

Kusoma tunajua, basi tusome wenyewe. Tumpigie tunayemdai au anayetudai kwa namba yake ya zamani. Kabla ya muamala kukamilika, jina la mpokeaji hutokea. Tulitazame polepole, hata kama foleni inanung'unika. Ujumbe wa kitapeli tuupeleke namba 15040. Tukibonyeza *106# tutaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu cha NIDA, maana yawezekana ipo tusiyoijua.

Atakaye tujaribu pamoja aje darasani na simu yenye chaji. Hata kitochi kinafaa.