Maumivu ya Miguu Baada ya Mafua

Uvimbe wa ghafla wa misuli, ulioelezwa na Lundberg wa Sweden mwaka 1957, huwapata hasa wavulana wa umri wa shule, aghalabu baada ya mafua makali ya virusi vya influenza B, ambapo homa ikishapungua mtoto huamka akilalamikia tafu, yaani misuli ya nyuma ya mguu chini ya goti, na kukataa kutembea. Hofu ya kupooza inaeleweka, ingawa kwa kawaida mtoto hupona ndani ya wiki moja bila dawa maalumu. Kinachostahili hofu zaidi ni mkojo wenye rangi ya chai ya mkandaa, kwani huashiria kwamba mioglobini, protini ya misuli iliyoharibika, imefika kwenye figo, na hapo hospitali haingoji kesho.