Wiki Nane Baada ya Homa: Uambukizo na Saratani ya Tezi Dume



Tuchukue mwanamume wa miaka 58. Ana homa, anatetemeka kwa baridi, mkojo unamchoma, na maumivu yamemkaa kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Anapimwa PSA na majibu yanasoma 38, ilhali kwa desturi tunaanza kutazama kwa makini ikipita 4. Kabla ya jua kuzama ukoo mzima umeshaambiwa kwamba baba ana kansa.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, iwe nzima au yenye ugonjwa. Marekani iliidhinisha kipimo hiki mwaka 1986 kwa kufuatilia waliokwisha kugundulika na saratani. Matumizi ya kuitafuta yalifuata 1994. Saratani hupandisha PSA. Bakteria nao huipandisha, tena kwa ghafla, kwa kuwa uambukizo hubomoa kuta zinazoizuia isivujie kwenye damu.

Saratani changa kwa kawaida haiumi. Mara nyingi huanzia pembezoni mwa tezi, mbali na njia ya mkojo, hivyo mtu anaendelea kukojoa vizuri kabisa. Anapokuja analalamika mgongo au nyonga, huenda imeshafika mifupani. Homa ya ghafla basi inaelekea kwenye uambukizo. Kutokuwa na maumivu hakumhakikishii mtu lolote.

Kidole cha daktari, kinachopapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, husaidia. Tezi yenye uambukizo mkali huwa imevimba na kuuma ikiguswa kidogo tu, na haifai kusuguliwa, bakteria wasije wakamiminika kwenye damu. Ya saratani huweza kuwa na kinundu kigumu. Lakini kifua kikuu kikiingia kwenye tezi dume nacho hujenga kinundu cha aina hiyo, na hapo mwamuzi ni kinyama kilichowekwa chini ya darubini.

Kwa huyu mwenye homa, mkojo unaoteshwa, antibiotiki zinaanza, na PSA inarudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Ikibaki juu, ndipo MRI na kuchukua kinyama. Kutoboa tezi iliyojaa bakteria ni hatari. Napinga pia desturi ya kumpa antibiotiki mtu asiye na dalili yoyote ya uambukizo ili namba ishuke: namba huweza kushuka na saratani ikabaki palepale.

Ninayemhofia zaidi ni yule aliyepona. Maumivu yameisha, nauli ni ghali, kile kidole hakitaki tena, na harudi. Ndani ya tezi ileile huenda magonjwa yote mawili yalikuwapo. Ndiyo maana naziomba kliniki zetu ziandike tarehe ya kipimo cha pili kwenye kadi kabla hajaondoka, na kwa ridhaa yake zichukue namba ya simu ya mke au mtoto wake, ili asipotokea apigiwe.