Kutoka Utange hadi Washington: Maisha ya Bi. Ilhan Omar
(Hotuba iliyosomwa Siku ya Wakimbizi Duniani)



Kamati imeniomba niseme juu ya mtu aliyepitia kambini. Nimemchagua Bi. Ilhan Omar, mbunge wa Marekani, kwa sababu kambi yake ilikuwa huku kwetu Afrika Mashariki: Utange, karibu na Mombasa.

Alizaliwa Mogadishu mwaka 1982. Mama yake alifariki yeye angali mdogo sana, akalelewa na baba na babu. Baba alikuwa mkufunzi wa walimu, kazi ambayo sisi tuliopita chuo cha ualimu tunaujua uzito wake. Vita vilipowafukuza mwaka 1991, walikimbilia Kenya wakakaa Utange miaka minne. Mwaka 1995 walipokelewa Marekani. Huko yule mkufunzi aliendesha teksi.

Mlango huo haukufunguka wenyewe. Seneta Edward Kennedy ndiye aliyepigania Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980, iliyoweka utaratibu wa kuwapokea watu kila mwaka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ilhan alipokuwa na miaka 14 alimsindikiza babu yake kwenye mikutano ya chama, awe mkalimani wake. Ndipo siasa ilipomwingia. Wazazi, ni watoto wangapi hapa Rubavu wanaosimama mbele ya meza ya ofisi, wakigeuza Kiingereza cha karani kiwe Kiswahili cha mama? Wengine huwaita watoro. Mimi nasema wako darasani. Ila ndugu zetu wa mashirika, mtoto asibebeshwe habari za ugonjwa wa mama yake. Hapo tafuteni mkalimani mtu mzima. Kwenye mikutano ya Kamati, mwacheni aketi asikilize.

Mwaka 2016 Ilhan alichaguliwa katika Bunge la jimbo la Minnesota, na mwaka 2018 katika Bunge la Washington. Yeye na Rashida Tlaib wakawa wanawake Waislamu wa kwanza humo, na kanuni ya miaka 181 ya kukataza vazi la kichwani ikabadilishwa. Amedai matibabu kwa wote na chakula cha bure shuleni.

Hakupendwa na wote. Mwaka 2019 aliomba radhi kwa maneno yake kuhusu watetezi wa Israeli. Mwaka huohuo umati katika mkutano wa Rais Trump ulipiga kelele arudishwe kwao. Februari 2023 wabunge 218 dhidi ya 211 walimwondoa katika Kamati ya Mambo ya Nje. Wapiga kura wake walimrudisha bungeni mwaka 2024.

Vijana mtaniuliza: na sisi? Januari 2025 Rais Trump alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, hata waliokuwa na tarehe za safari wakabaki kambini. Jibu la hilo haliko mikononi mwangu. Kilichomo mikononi mwangu ni chaki. Darasa la Kiingereza la jioni linaanza Jumatatu saa kumi, na wazee pia wanakaribishwa. Kila mtu aje na daftari lake.