Moli Moja ya Gesi Kule Rurambo



Mwanafunzi wa kemia hapa Uvira, hata ukimwamsha usiku wa manane ukamuuliza ujazo wa moli moja ya gesi, atakujibu: lita 22.4. Amejibu sawa, ila kwa mahali penye nyuzi 0 za Selsiasi na mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari. Ziwa letu liko zaidi ya mita 760 juu ya bahari. Kwa nyuzi 25, moli moja hapa ufukweni huchukua karibu lita 27. Panda milimani Rurambo hadi mita 2,000, ambako mgandamizo ni kilopaskali 80 hivi: usiku wa nyuzi 15, moli ile ile hujaza lita 30.

Sasa tuingie katika chumba cha kulala cha kule juu, mita 3 kwa 4, kimo mita 2.5. Ni lita 30,000, yaani moli 1,000 za hewa. Baridi imekaza, dirisha limezibwa, mbabula, lile jiko la makala, imeingizwa ndani. Usiku huo yanaungua makala yenye gramu 120 za kaboni. Gramu 12 ni moli moja, kwa hiyo tuna moli 10. Tuchukulie moli 9 zimekuwa kaboni dioksidi, na moja, kwa uhaba wa hewa katikati ya makala, imekuwa kaboni monoksidi:

C + O₂ → CO₂
2C + O₂ → 2CO

Oksijeni iliyotumika ni moli 9 na nusu. Chumbani zilikuwamo 210. Zimebaki 200!

Watu wanapofia katika chumba kama hicho, msibani tunaambiwa kwamba marehemu waliishiwa hewa. Hesabu inakataa. Hewa ilikuwapo, na makala yaliendelea kuwaka vizuri. Kilichoua ni ile moli moja, lita 30 ndani ya 30,000. Sehemu moja kwa elfu yaweza kumuua anayelala humo kwa saa kadhaa, maana hemoglobini ya damu huishika kaboni monoksidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. John Scott Haldane alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1890 kwa kuivuta gesi hiyo yeye mwenyewe.

Tunathubutu kuhesabu hivi kwa sababu Amedeo Avogadro, mwaka 1811, alitambua kwamba gesi zote, joto na mgandamizo vikiwa sawa, hubeba idadi sawa ya molekuli katika ujazo sawa. Na hapo mlima unaongeza hatari yake: chumba kama hicho hapa Uvira kingebeba moli zaidi ya 1,100 za hewa. Makala yale yale huichafua zaidi hewa ya Rurambo.

Akina mama wengi huiacha mbabula nje mpaka moshi uishe, ndipo waiingize. Moshi unaisha kweli, lakini kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na makala mekundu huendelea kuitoa. Kuyafunika kwa majivu ili yadumu hadi asubuhi huyanyima hewa, na sehemu ya kaboni inayogeuka sumu huongezeka.

Walimu wa Rurambo, nawaomba zoezi hili litangulie mengine yote katika somo la moli, na kila mwanafunzi apime chumba anacholala.