MAUA AMBAYO PONGO NA SUNGURA HAWAYAPENDI

(Maneno ya mazungumzo mbele ya machifu, walimu na wazee wa vijiji)



Wahenga walinena, "Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi." Neno hili huambiwa watu wa mashamba, lakini hata mwenye bustani ya maua limempata. Katika vijiji vilivyo kandokando ya misitu ya Meru, Mlima Kenya na Usambara, si ajabu watoto wa shule kuchota maji mbali na kumwagilia maua yao mwezi mzima, kisha usiku mmoja pongo akatoka msituni akala machipukizi yote. Mtoto aliyepatwa na jambo hilo mara mbili hatamani tena kushika jembe. Kwa sababu hiyo twaona yafaa tuzungumze juu ya maua yajilindayo yenyewe.

Kwanza yapasa kumjua mlaji. Pongo, paa na digidigi hawana meno ya mbele katika taya la juu. Basi wakila hulivuta jani na kulirarua, na bua huachwa limechanika. Sungura ana meno makali juu na chini, naye hukata bua mshazari, kama lililokatwa kwa kisu, tena karibu na ardhi. Mbuzi naye hurarua kama pongo; lakini mbuzi hulala zizini, na pongo hupenda kuja usiku. Tazameni vema asubuhi, msije mkamshitaki jirani bure.

Pili, yapasa kujua ni kitu gani kimchukizacho mnyama. Navyo ni vinne: harufu kali, uchungu, utomvu, na majani magumu au yenye manyoya. Waridi halina hata kimoja katika hivyo ila miiba yake, na miiba haimzuii pongo kula vichipukizi. Lakini mrehani, ambao mama zetu wa pwani huupanda mlangoni kwa ajili ya manukato, wanyama huupita kwa sababu ya harufu ile ile tuipendayo sisi. Marigoldi, ua la rangi ya manjano au machungwa, ni hivyo hivyo. Ijapokuwa Wazungu huliita ua la Afrika, asili yake ni Mexico. Tena mizizi yake hupunguza minyoo midogo ya udongoni iharibuyo mizizi ya nyanya. Basi lina faida mbili.

Katika nchi za juu zenye baridi pandeni pareto. Ua lake ni jeupe lenye moyo wa manjano, nalo likikaushwa huuzwa, kwa maana hutoa dawa ya kuua wadudu. Katika nchi kavu pandeni mshubiri, wenye majani manene na machungu, na maua mekundu yapendwayo na ndege chozi. Kadhalika liko ua dogo la vinka, jeupe au la rangi ya waridi, lenye asili ya Madagaska. Hili huvumilia jua na huchanua karibu mwaka mzima. Katika mmea huu wataalamu wa Canada walipata, mwaka 1958, dawa itumikayo hata leo kutibu saratani.

Sasa juu ya kupanda. Maua yenye harufu yawe mistari ya nje, na yale yapendwayo na wanyama, kama waridi, yawe ndani karibu na nyumba. Miche michanga izungushieni matawi ya miiba kwa majuma ya kwanza, maana jani changa ni laini na harufu yake haijakaza. Wala msidhani kwamba liko ua lisiloliwa kabisa. Wakati wa kiangazi kikuu, majani ya porini yakiisha, mnyama mwenye njaa huonja hata kile akichukiacho.

Hapa twataka mtusikilize sana. Kimfukuzacho pongo chaweza kumdhuru mtoto. Vinka ina sumu ikiliwa. Waridi la jangwani utomvu wake ulitiwa katika mishale ya wawindaji. Oliyanda ina sumu tangu mzizi hata ua, na hata moshi wa kuni zake ni mbaya. Utomvu wa mnyaa, tuutumiao kwa ua wa boma, ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kupofusha. Basi oliyanda isipandwe kabisa katika uwanja wa shule wala karibu na njia ya ng'ombe. Na mwalimu awafundishe watoto majina ya mimea hii kabla ya kuwapa majembe. Lantana nayo msiipande, ijapokuwa maua yake yanapendeza. Ndege huzitawanya mbegu zake, nayo huenea ikasonga malisho, na ng'ombe wailao huugua.

Mwisho, wako watu wasemao, "Ya nini taabu yote hii? Tutege mitego, tuipate na nyama." Katika Kenya uwindaji umekatazwa tangu mwaka 1977, na katika Tanzania hairuhusiwi kuwinda pasipo kibali. Tena mtego hauchagui: humnasa pongo, na mbwa, na mguu wa mtoto aendaye kuchota maji.

Basi, mabwana, bustani iliyochaguliwa kwa akili haina haja ya mtego wala mlinzi wa usiku. Mvua zikikaribia, kila mwalimu na aanze na mstari mmoja wa mrehani na mmoja wa marigoldi, atazame nyayo kila asubuhi, na kuwaonyesha wanafunzi kilicholiwa na kilichosalia. Kwa njia hiyo watoto watavuna maua, na elimu pamoja nayo.